Ukiugua ghafla au ukishikwa na woga wiki ya mtihani, fanya hivi

Naandika hii kwa wadogo zangu wa kidato cha nne hasa mlioko bweni, na kwa wazazi wao pia, maana kila Novemba naona kitu kilekile kinajirudia na roho inaniuma. Mi ni mwalimu wa Baiolojia, nimesimamia mitihani ya taifa shule tofauti tofauti, na kabla ya ualimu nilikuwa mtahiniwa kama nyie, na niliugua.

Ilikuwa usiku wa kuamkia pepa la Hesabu. Nikaamka kama saa nane usiku meno yanagongana, baridi imeingia mpaka kwenye mifupa, nikachukua blanketi la jirani nikaongeza juu ya langu na bado natetemeka. Sikumwambia mtu. Kichwani mwangu nilikuwa na wazo moja tu, kwamba nikisema naumwa watanitoa kwenye mtihani na miaka minne yote imekwenda na maji. Asubuhi nikanawa uso nikaingia, na kama dakika arobaini hivi ndani ya pepa nikatapika pale pale juu ya karatasi ya majibu, nikatolewa nimeshikwa mabega. Ilikuwa malaria. Jioni matroni akaja kukaa pembeni ya kitanda changu, akaniuliza kitu kimoja tu, "Kwa nini hukunigongea mlango mwanangu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Angenipima usiku ule ule, ningeanza dawa saa tisa, na asubuhi msimamizi angekuwa tayari anajua kuna mgonjwa chumba namba fulani.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye mtihani ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kila nitakachoandika hapa chini kinarudi kwenye jambo hilo moja, SEMA MAPEMA. Utaratibu wa mitihani una nafasi kwa mgonjwa aliyesema, ila kwa aliyeficha mpaka akaanguka mambo yanakuwa magumu sana.

Kwanza jua utaratibu unakusaidiaje, maana woga mwingi unatokana na kutojua. Ukiumwa na bado unaweza kuandika, waambie mwalimu wako au matroni na msimamizi kabla ya pepa kuanza, waangalie uwezekano wa wewe kukaa karibu na mlango, au kufanyia kwenye chumba cha wagonjwa ukiwa na msimamizi wako. Majirani zetu Kenya karibu kila msimu wa KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, utasikia kwenye habari binti kajifungua usiku na asubuhi anafanyia pepa wodini na msimamizi yuko pembeni ya kitanda. Ukiwa umezidiwa kabisa huwezi hata kushika kalamu, hapo sikiliza vizuri: Baraza la Mitihani likitangaza matokeo, huwa linataja watahiniwa waliopata matatizo ya kiafya wakashindwa kufanya masomo yote au mengi, na hao hupewa fursa ya kufanya mwaka unaofuata yale masomo ambayo hawakuyafanya kwa sababu ya ugonjwa. Kwa hiyo malaria haifuti miaka yako minne. Lakini ili uhesabiwe mgonjwa na sio mtoro inabidi iandikwe siku ile ile, mkuu wa shule ajue, msimamizi aandike kwenye taarifa yake, na karatasi ya daktari yenye tarehe na muhuri iwepo. Ukija kusema wiki mbili baadaye "nilikuwa naumwa" nani atakuthibitishia?

Kitu kingine, usichelewe ukidhani ugonjwa unajieleza wenyewe. Pepa la asubuhi linaanza saa 2:00 na la mchana saa 8:00, na ukichelewa zaidi ya nusu saa hauingii. Kama uko dispensari unapimwa saa moja na nusu asubuhi, tuma mtu shuleni SAA HIYO, usisubiri majibu ya damu.

Sasa tuongelee woga wenyewe, maana wengi wanaoniambia "mwalimu naumwa" asubuhi ya pepa la kwanza hawana ugonjwa wa vijidudu. Ni mwili umejiandaa kupigana. Ubongo ukihisi hatari unamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unakwenda mbio ili misuli ipate damu, jasho linatoka mikononi, mdomo unakauka, tumbo linavurugika ndo maana asubuhi ya pepa foleni ya chooni ni ndefu kuliko ya uji, na mkojo unakuja kila dakika tano. Huo sio ugonjwa na wala sio dalili kwamba utafeli, hata yule anayeongozaga darasa anaupata, muulize akuambie ukweli.

Utatofautishaje na ugonjwa? Tafuta kipimajoto. Woga unaweza kukuharisha, kukutetemesha mikono, kukuumiza kichwa, ila ukikuta homa ya nyuzi 38 na kuendelea usiite woga, nenda ukapime malaria, kile kipimo cha haraka cha tone la damu hakichukui hata nusu saa. Pia woga unapanda na kushuka, pepa likiisha unapoa na njaa inarudi, wakati ugonjwa haujali kama pepa limeisha au la. Tumbo la kuhara mara moja mbili asubuhi likatulia, huo mara nyingi ni woga. Tumbo la usiku kucha, au lenye damu, au la kutapika kila unachokunywa, hilo ni la hospitali.

Woga ukikukamata ndani ya chumba cha mtihani, yaani umefungua karatasi na herufi zinaogelea na kifua kimebana na vidole vinakufa ganzi, jua kwamba hiyo ganzi inatokana na kuhema haraka haraka mpaka unatoa hewa ya kaboni nyingi kuliko kawaida. Kwa hiyo dawa yake ni kupumua taratibu. Weka kalamu chini. Miguu yote miwili igandamize sakafuni, mgongo uegemee kiti. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa kwa mdomo polepole ukihesabu mpaka sita kama unapuliza uji wa moto, rudia mara kumi. Hapo umetumia kama dakika mbili tu, na pepa la saa tatu lina dakika 180, kwa hiyo usione unapoteza muda. Kinachosaidia hasa ni ile kutoa pumzi iwe ndefu kuliko kuvuta, ndo inauambia moyo upunguze mwendo. Usijaribu kwa mara ya kwanza siku ya pepa jamani, anza hata wiki tatu kabla, kila usiku ukipanda kitandani fanya mara kumi, ili siku ya siku mwili uwe umeshazoea.

Halafu rudi kwenye karatasi ila usirudi kwenye lile swali lililokutisha. Andika namba yako ya mtihani vizuri, nenda sehemu A kwenye yale ya kuchagua jibu, tafuta MOJA unalolijua na ulifanye hata kama ni la mwisho kwenye orodha. Nimewaona wengi wakifunguka hapo, akishaandika jibu moja sahihi mkono unaacha kutetemeka na vile vitu alivyodhani amevisahau vinaanza kurudi kimoja kimoja. Havikupotea, woga ulikuwa umekaa mlangoni.

Ukihitaji kutoka, nyoosha mkono useme "naomba kutoka", utasindikizwa na msimamizi, basi. Huna haja ya kueleza. Nawaambia hasa mabinti, maana msimamizi anaweza kuwa mwanaume na anatoka shule nyingine hata humjui, na nimeshuhudia binti anakaa saa nzima kwenye kiti kilicholowa kwa aibu na ameacha maswali manne. Ukijua tarehe zako zinaangukia wiki ya mtihani vaa pedi tangu asubuhi hata kama bado haijaanza, beba nyingine mfukoni, vaa sketi nyeusi au bluu kama shule inaruhusu. Kwa wale ambao tumbo linawakata mpaka mnajikunja, ongea na matroni au muuguzi mapema akupe dawa ya maumivu inayokufaa, ibuprofeni inasaidia wengi ila inywe baada ya chakula na usiinywe kama una vidonda vya tumbo au pumu ambayo huchochewa na dawa za maumivu za aina hiyo, na ianze mara tu maumivu yanapoanza, usisubiri mpaka yamekomaa. Usiku weka maji ya moto kwenye chupa, ifunge kitambaa, iweke tumboni.

Wenye magonjwa ya muda mrefu, nyie mnahitaji maandalizi zaidi na nitakaa hapa kidogo. Mwenye pumu, pampu yako iwe mfukoni na sio kwenye tranka bwenini, na msimamizi aambiwe kabla ya pepa kwamba ile ni pampu, ili asije akadhani umebeba kitu kisichoruhusiwa. Pima kama bado ina dawa, wengi wanagundua imeisha siku wanayoihitaji. Pumu ikikubana kaa wima, usilale chali, puliza, subiri kidogo, puliza tena, na kama huwezi kumaliza sentensi bila kuhema hiyo ni hospitali hata kama umebakiza swali moja. Mwenye seli mundu, adui zako ni baridi, kukosa maji, na uchovu, na Novemba sehemu nyingi mvua za vuli zinanyesha, kwa hiyo sweta ndani ya chumba cha mtihani, chupa ya maji (muulize msimamizi aione), na kukesha usikuguse kabisa. Maumivu yakija na homa usivumilie. Mwenye kisukari, mwenye kifafa, mwenye presha, dawa zako usiruke hata siku moja eti ziko zinakuletea usingizi, kama kweli zinakusumbua nenda kwa daktari mwezi mmoja kabla mkapange saa za kumeza.

Na nyie mnaokaa jirani na mwenye kifafa: akianguka sogeza meza na viti visimuumize, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu akitulia, tazama saa. USIMWEKEE kijiko wala kidole mdomoni, na usimshike kwa nguvu azuiwe kutetemeka. Ikizidi dakika tano, au akirudiwa kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Mate yake hayaambukizi kifafa, acheni hilo neno, limeua watu walioachwa kwenye moto na majini kwa sababu kila mtu aliogopa kumgusa.

Kuzimia kwa kawaida ni tofauti, mtu anaona giza, anatoka jasho la baridi, anadondoka. Mara nyingi hajanywa chai, amesimama juani kwenye msururu wa kukaguliwa, na ana woga. Mlaze chini, inua miguu yake juu ya kiti, legeza tai na kifungo cha juu, watu wasimzunguke. Usimmiminie maji mdomoni wakati hajitambui. Akizinduka akae kwanza, asisimame ghafla, apewe kitu chenye sukari. Asipozinduka ndani ya dakika moja hivi ita msaada wa haraka.

Kuna ile ya mabinti kuanguka wengi kwa pamoja, mmoja anapiga kelele na mara wanakuwa kumi. Shule zinaita mapepo, wanaletwa wa kuombea, mtihani unasimama. Sitagombana na imani ya mtu, ila historia yetu wenyewe ina somo. Tarehe 30 Januari 1962 kwenye shule ya wasichana ya bweni ya Kashasha, huko Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia, ikaenea mpaka wasichana 95 kati ya 159, shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Walipimwa, hakukuwa na sumu wala kijidudu kilichoonekana, na waliochunguza waliona ni hofu na msongo unaohama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine kwa kuonana. Kwa hiyo likitokea kwenu, wa kwanza atolewe taratibu mbali na macho ya wenzake, bila kelele, na mlioko karibu msimkodolee macho, angalieni chini mfanye ile pumzi ya nne na sita. Na yule binti asitukanwe wala asichapwe, hajifanyi, mwili wake umezidiwa kweli.

Sasa malaria, kwa sababu ndo iliyonikuta. Ukipimwa ukakutwa nayo utapewa dawa ya mseto, na dozi ya mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea ni vidonge 4 kwa mkupuo, mikupuo 6 ndani ya siku tatu, ule wa pili ni saa nane baada ya wa kwanza na baada ya hapo asubuhi na jioni. Ile dawa inataka mafuta ili iingie vizuri mwilini, kwa hiyo inywe na maziwa au karanga au chakula cha kawaida, usiinywe na maji matupu tumbo likiwa wazi. Ukiitapika ndani ya nusu saa rudi kwa muuguzi akuambie ufanyeje. Na usiikatishe siku ya pili kwa sababu umepata nafuu na una pepa la Fizikia, itakurudia kwenye pepa la Kemia. Chandarua wiki za mtihani ni lazima hata kama bweni lina joto.

Tumbo la kuhara, shida ni maji yanayotoka. Pakiti ya maji ya chumvichumvi soma imeandikwa lita ngapi, nyingi ni lita 1 ya maji safi. Ukikosa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita 1, usizidishe chumvi. Na kinga yake ni hii, wiki ya mtihani usile kipya. Wazazi wanakuja na chipsi kuku zimekaa kwenye mfuko tangu asubuhi, rafiki ana maandazi ya juzi, acha. Kula ugali wako na maharage ambayo tumbo lako limeyazoea miaka minne.

Kuhusu vidonge vya kuazimana bwenini: piriton ya mafua asubuhi ya pepa itakulaza juu ya meza, kidonge cha mtu cha kutuliza moyo kinaweza kumbana vibaya mwenye pumu, na cha usingizi cha mama yako kiache nyumbani kwake. Ukitaka dawa nenda kwa muuguzi, mwambie una pepa saa ngapi, atachagua isiyolevya.

Halafu kukesha. Najua mnaloweka miguu kwenye beseni la maji baridi usiku ili msilale, na sisi tulifanya, na siku hizi mnaongeza na enaji dirinki mbili. Lakini fikiria, hiyo kafeini inapandisha mapigo ya moyo, inatetemesha mikono, inavuruga tumbo, yaani vitu vilevile vya woga, halafu asubuhi unaongeza na woga wenyewe juu yake. Na usingizi ndo wakati ubongo unapanga ulichosoma kikae. Msuli wa kusoma wiki ya mwisho uishe saa nne usiku, saa nne na nusu ulale, basi.

Pepa likiisha ondoka pale nje wanaposahihishana majibu. Hakuna kinachoshusha mtu kama kusikia "la nne jibu ni 12" na wewe uliandika 21 na mchana una pepa lingine. Na ukiwa umeharibu moja kweli, daraja lako linapigwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, daraja la kwanza ni pointi 7 mpaka 17, kwa hiyo anayefanya masomo tisa bado ana nafasi, na hata mwenye saba tu, F moja ni pointi 5, zilizobaki zinabebwa na sita nyingine. Hesabu hiyo ifanye kwa kalamu siku ukiwa umetulia, uibandike ndani ya daftari, ili siku kichwa kikisema "nimekwisha" uwe na kitu cha kukijibu.

Wazazi, nawaomba sana. Mkipiga simu usiku wa kuamkia mtihani msiseme tumeuza ng'ombe kwa ajili yako, anajua, na ndo kinachomkosesha usingizi. Muulize umekula nini, umelala saa ngapi, kuna mahali panauma? Na akisema panauma usimwambie jikaze, mwambie nenda kwa matroni sasa hivi, kisha wewe mwenyewe umpigie matroni. Kama mtoto anaongelea kutaka kufa, au haongei kabisa na hali chakula siku kadhaa, huo sio uvivu, kaa naye, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa daktari. Kuna namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ni bure na mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.

Kwa usiku wa leo fanya haya. Kwenye karatasi moja andika ugonjwa ulionao kama upo, dawa unazotumia, dawa zinazokudhuru, namba ya simu ya mzazi, kisha ipeleke kwa matroni mkononi na nakala nyingine kwa mwalimu wa darasa. Halafu muulize matroni mlango wake ni upi usiku, na ukifika hapo gonga kwa nguvu, asije akadhani ni upepo.